Bima ya Meno, Macho na Masikio kwa Wenye Medicare: Uzoefu Wangu Hapa Houston

Nimemaliza miaka miwili nikilipia bima ya ziada ya meno, macho na masikio. Wazee wenzangu wengi tuliotoka Afrika Mashariki sasa tunatimiza miaka 65 na kuanza kuandamwa na simu za mawakala wa bima, kwa hiyo naona ni wajibu wangu kueleza nilicholipa, nilicholipwa, na ni nani hasa ninayemshauri ainunue. Kwa maoni yangu inamfaa mtu ambaye daktari wa meno ameshamwambia kwamba ana kazi kubwa inayokuja, na ambaye kazi hiyo inaweza kungoja mwaka mmoja. Asiye na kazi ya namna hiyo ni heri aziweke fedha zake kwenye akaunti yake mwenyewe.

Sheria ya Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo wengi wetu huipata tukitimiza miaka 65, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwaka 1965 iliacha nje matibabu ya kawaida ya meno, miwani na vifaa vya kusikia, na mpaka leo Medicare ya asili, yaani Part A ya hospitali na Part B ya madaktari, hailipii vitu hivyo isipokuwa kwa nafasi chache. Medigap, ambayo ni bima ya ziada inayouzwa na kampuni binafsi, nayo hufuata nyayo hizo hizo, kwani kazi yake ni kujazia gharama ambazo Medicare imeshazikubali. Mimi nina Medicare ya asili pamoja na Medigap ya Plan G, kwa hiyo kulazwa hospitali hakunitii hofu ya bili, lakini gego likipasuka bili yote ni yangu.

Bima niliyochukua ni ya dola 48 kwa mwezi, sawa na dola 576 kwa mwaka. Kila mwaka hutanguliza dola 100 kutoka mfukoni kabla kampuni haijaanza kulipa. Baada ya hapo kampuni hulipa asilimia 60 mwaka wa kwanza, 70 mwaka wa pili na 80 kuanzia mwaka wa tatu. Kusafisha meno hakuna kungoja, miwani hungoja miezi 6, na kazi kubwa za meno pamoja na vifaa vya kusikia hungoja miezi 12. Kikomo cha malipo ni dola 1,500 kwa mwaka, na hapa namwomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu kikomo hicho ni kimoja kwa vyote vitatu. Wakala aliponieleza kwa simu alisifia meno, akasifia macho, akasifia masikio, kila kimoja kwa wakati wake, na anayesikiliza angedhani ana mifuko mitatu. Mkataba wenyewe unasema mfuko ni mmoja, na kila dola inayokwenda kwenye jino inapungua kwenye sikio.

Hapo ndipo bima hii inapoachana na ile ya hospitali. Bima ya hospitali huubeba mzigo pale unapokuzidi nguvu. Hii hubeba dola za mwanzo, na kikomo kikifika inakuachia wewe gharama zote zilizobaki, hata ziwe elfu ngapi. Mtu anayehitaji vipandikizi vya meno, au kofia za meno (krauni) tatu kwa mpigo, asiitegemee imwokoe, kwa sababu hatari kubwa bado ni yake.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa hasara, na nilijua utakuwa hivyo. Kusafisha meno, uchunguzi na eksirei viligharimu dola 380. Nikitoa dola 100 za kutanguliza, asilimia 60 ya zilizobaki ikawa dola 168. Miwani ya kusomea niliyoinunua baada ya kipindi cha kungoja iliuzwa dola 290, nikarudishiwa 174. Jumla ni dola 342 dhidi ya 576 nilizolipa.

Sababu ya kuvumilia ilikuwa jino namba 30, yaani gego la kwanza la chini upande wa kulia, kwa jinsi madaktari wa meno wa Marekani wanavyoyahesabu meno kuanzia 1 hadi 32. Lilikuwa na mzibo wa zamani uliokula karibu nusu ya jino, na daktari alinionyesha kwenye picha ufa mwembamba unaotokea pembeni mwa mzibo huo, akasema litahitaji kofia, ile ambayo wengi huiita krauni, ila halina maumivu na linaweza kungoja nikiacha kutafuna vitu vigumu upande huo. Miezi 12 ilipotimia nilimwomba karani wa kliniki atume kwa kampuni makadirio ya awali yenye namba D2740, ambayo ndiyo namba ya kofia ya kauri, kabla daktari hajagusa kitu. Namsihi kila mtu afanye hivyo. Majibu yalirudi kwa maandishi yakionyesha kwamba kliniki inatoza dola 1,450 lakini kampuni inatambua dola 1,300 tu kuwa ndiyo bei ya kawaida ya eneo letu, na asilimia 70 inahesabiwa kutoka hiyo 1,300. Walilipa dola 910, nami nikalipa 540. Bila karatasi ile ningeingia kwenye kiti nikitarajia kulipa dola 435. Ukiongeza dola 196 za usafishaji wa mwaka huo, nilikuwa nimeshatumia dola 1,106 za mfuko wangu.

Zilibaki dola 394, na ndipo zamu ya masikio ikafika. Uchunguzi wa kusikia haukuhitaji bima hii hata kidogo, kwa sababu daktari akiagiza kipimo ili kujua chanzo cha tatizo, Part B hukilipia. Tatizo ni vifaa vyenyewe. Kliniki ya masikio ilinitajia dola 4,600 kwa jozi. Kwa dola 394 zilizobaki, bima ingekuwa imechangia chini ya asilimia 9. Nilikwenda kwenye duka la Costco, nikapata jozi kwa karibu dola 1,600 pamoja na kurekebishiwa kulingana na kipimo changu, na kampuni ikalipa zile 394, mfuko ukakauka. Aidha, tangu Oktoba 2022 serikali ya Marekani inaruhusu vifaa vya kusikia kuuzwa dukani bila cheti cha daktari kwa watu wazima ambao usikivu wao umepungua kidogo au kwa kiasi cha wastani, na bei zake ziko chini zaidi. Kwa hali hii siamini kwamba kuna mtu anayepaswa kununua bima hii kwa ajili ya masikio peke yake.

Upande wa macho pia hauna uzito mkubwa kwa watu wetu, maana mengi yaliyo muhimu kweli yanalipwa kwingine. Mwenye kisukari hulipiwa na Part B uchunguzi wa retina kila mwaka. Wamarekani weusi wenye miaka 50 na zaidi wamo katika kundi la hatari ya glakoma, yaani presha ya macho, na kipimo chake hulipiwa kila baada ya miezi 12. Ukifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi, Part B huchangia miwani jozi moja. Kinachobaki ni miwani ya kawaida, ambayo mtu anaweza kuinunua kwa bei nafuu akitafuta vizuri.

Hesabu ya miaka miwili ni kwamba nimelipa dola 1,152 na kulipiwa dola 1,842, faida ya dola 690. Faida hiyo yote imetoka kwenye mwaka wa pili. Gego lingepasuka mwezi wa tano wa mkataba, nisingepata hata senti kwa ajili yake.

Yapo mengine ya kusoma kwenye mkataba kabla ya kutia saini. Rafiki yangu alinunua bima ya namna hii akitumaini kujaziwa pengo la jino lililong'olewa zamani, akakataliwa kwa sababu mkataba haugharamii jino lililokosekana kabla ya bima kuanza. Nilimwonea uchungu sana, kwani alikuwa amelipa mwaka mzima akingoja. Sasa anatibiwa kwenye chuo cha meno cha UTHealth hapa Houston, ambako wanafunzi hutibu chini ya uangalizi wa walimu wao kwa bei ya chini. Inachukua muda mrefu kwenye kiti, lakini kazi inakaguliwa hatua kwa hatua.

Wengine huniuliza kwa nini nisihamie Medicare Advantage, yaani mpango wa kampuni binafsi unaochukua nafasi ya Medicare ya asili, ambao mara nyingi huweka meno, macho na masikio ndani bila malipo ya ziada. Dirisha la kuhamia hufunguliwa kila mwaka tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba, na wapo wanaofurahia uamuzi huo. Kwangu mimi kubadili ulinzi wa hospitali kwa ajili ya kusafishiwa meno ni biashara mbaya, kwa sababu Advantage mara nyingi hukufunga kwa madaktari waliomo kwenye mtandao wake, na ukitaka kurudi kwenye Medicare ya asili na Medigap baada ya mwaka wa kwanza, kampuni za Medigap hapa Texas kwa kawaida zinaweza kuuliza hali ya afya yako na kukukataa.

Bima yangu nitaiendeleza mwaka huu wa tatu, kwa kuwa jino namba 19, pacha wa lile la kwanza upande wa kushoto, nalo limeanza kuonyesha ufa, na sasa nitalipiwa asilimia 80. Mume wangu hajachukua. Meno yake ni mazima, daktari hajaona kazi yoyote mbele, na kila mwezi dola 48 zinakwenda kwenye akaunti ya akiba iliyo kwa jina lake.