Manga za mapenzi, vichekesho na mauzauza ya shuleni: ununue ipi kwanza?

Kabla hujalipia juzuu ya kwanza ya manga, yaani hadithi ya katuni ya Kijapani, ulizia hadithi nzima ina juzuu ngapi. Hapo ndipo wanunuzi wengi huumia: juzuu moja bei yake inavumilika, kumbe zipo 28, na ukiishiwa pesa katikati umebaki na mapenzi yasiyo na mwisho. La pili la kuangalia ni kama mauzauza yenyewe ndiyo yanayoyasukuma mapenzi. Ukiondoa mzimu na wapenzi wakabaki vilevile, umelipia pambo tu.

1. Fruits Basket, ya Natsuki Takaya. Tohru Honda, yatima anayesoma sekondari, anakaribishwa nyumbani kwa ukoo wa Sohma. Baadhi ya watu wa ukoo huo wakikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine hugeuka wanyama wa unajimu wa Kichina, pamoja na paka aliyeachwa nje ya orodha. Mwanzoni sharti hilo linachekesha sana: mvulana anagongana na msichana, mara nguo ziko chini na panya yuko katikati yake. Baadaye linauma, kwa sababu wapendanao hawawezi kukumbatiana. Hakuna nyingine inayolitumia sharti lake vizuri hivi, ndiyo maana tumeiweka juu.

Hadithi ilitoka Japani kuanzia 1998 hadi 2006 katika juzuu 23. Nunua Collector's Edition ya mchapishaji Yen Press, iliyozikusanya katika vitabu 12 vinene. Vitabu vya mtumba vya Tokyopop, mchapishaji wa zamani, ni vya juzuu mojamoja, kwa hiyo usichanganye: kitabu cha 4 cha toleo nene ndicho juzuu ya 7 na ya 8 za zamani. Fruits Basket Another ni hadithi ya kizazi kinachofuata. Usiichukue ukidhani ndiyo ya kuanzia.

2. Yamada-kun and the Seven Witches, ya Miki Yoshikawa. Kwa kucheka, hii ndiyo bora. Ryu Yamada, mkorofi wa shule, anaporomoka ngazini pamoja na Urara Shiraishi, kinara wa masomo, na wanaamka wamebadilishana miili. Kinachowabadilisha ni busu. Shule hiyo ina wasichana saba wachawi, kila mmoja ana uwezo wake, na Yamada huunakili kwa kumbusu, basi fikiria misukosuko ya mapenzi inayozuka hapo. Juzuu 11 hivi za mwanzo ndizo tamu zaidi. Baada ya hapo wanaingia wachawi wapya na kasi inapungua. Zote ni 28. Kwa Kiingereza, Kodansha ilizichapa za kuelekea mwisho mbili kwa kitabu kimoja. Soma namba iliyo mgongoni mwa kitabu usije ukalipia juzuu moja mara mbili.

3. Dandadan, ya Yukinobu Tatsu. Momo Ayase anaamini mizimu lakini haamini viumbe wa anga za mbali. Okarun, mvulana wa shule yake, ni kinyume chake. Wanabishana, kila mmoja anakwenda kuhakikisha, na wote wawili wanakiona cha moto. Michoro yake haina mpinzani katika orodha hii. Ilianza 2021. Ionje kwanza kwenye programu ya MANGA Plus ya Shueisha, ambako sura za mwanzo husomwa bure. Si ya mtoto: katika juzuu ya kwanza Momo anavuliwa nguo kwa nguvu, na utani wa sehemu za siri ni mwingi.

4. Kamisama Kiss, ya Julietta Suzuki. Juzuu 25. Nanami anakuwa mungu wa hekalu na anafunga mkataba na Tomoe, mbweha wa kiume, kwa busu. Mapenzi ni motomoto, ila shule imo kidogo. Wasomaji wa Kifaransa waitafute kwa jina la Divine Nanami.

5. Rosario+Vampire, ya Akihisa Ikeda. Ina juzuu 10, kisha 14 za Season II, na ukiishia ya kumi hujafika mwisho. Sura za mwanzo zinajirudia: jini mpya, ugomvi, Moka, msichana mnyonya damu, anavuliwa rozari inayozuia nguvu zake, kwisha. Ichukue ukiipata kwa bei nafuu.

Jihadhari na nakala bandia, maana zipo nyingi. Rangi ya kijivu katika manga hutengenezwa kwa vitone vidogo. Kwenye nakala iliyoskaniwa vitone hivyo huungana na kuwa madoa au mistari ya mawimbi, hasa kwenye nywele na vivuli. Fungua katikati ya kitabu: kama maneno yamemezwa na gundi, au ukingo wa ukurasa umekata vichwa vya watu, kirudishe. Mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa ndani na ya jalada la nyuma lenye ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kisha linganisha namba hiyo na ya tovuti ya mchapishaji. Kitabu kikifunguka kuanzia kulia kwenda kushoto, hiyo si kasoro. Ndivyo manga inavyosomwa.