Nimekisoma kitabu kilichoishinda Paradise mwaka 1994

Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobel ya Fasihi mwaka 2021 niliirudia riwaya yake Paradise, na Peponi ilipotoka mwaka uliofuata, tafsiri yake ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis kutoka kwa wachapishaji Mkuki na Nyota, nikainunua pia. Ndipo nikajua kwamba riwaya hii ilifika orodha ya mwisho ya Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, mwaka 1994 na ikakosa. Sikutulia. Kitabu gani hicho kilichompiku Yusuf wa Paradise, mtoto wa miaka 12 aliyewekwa rehani na baba yake mzazi kwa sababu ya deni?

Ni How Late It Was, How Late cha James Kelman, Mskoti wa kwanza kuishinda Booker. Binamu yangu aliniletea nakala ya mtumba kutoka Uingereza, jina la tuzo limeandikwa juu ya jalada. Nilikifungua usiku ule ule.

Mwanzo wake ni mkali. Sammy, mtu aliyewahi kufungwa, anazinduka mtaani Glasgow baada ya ulevi mzito. Viatu vyake vya ngozi havipo, miguuni ana raba za mtu mwingine. Anawachokoza polisi waliovaa kiraia, wanampiga, na anapoamka mahabusu haoni kitu. Anavyorudi nyumbani kwa kupapasa kuta, akihesabu hatua, akiogopa kuvuka barabara, nilikuwa napapasa naye. Baadaye anakata mpini wa mopu kwa msumeno ili apate fimbo. Kipande hicho peke yake kinastahili sifa zote.

Lugha ndiyo iliyozua kelele wakati ule, hata mmoja wa majaji akasema hadharani kwamba ushindi huo ni aibu. Kitabu hakina sura wala alama za kunukuu, matusi ni mengi mno, na Kiingereza chake ni cha mitaani Glasgow. Mimi niliyejifunza Kiingereza darasani nililazimika kusoma kwa sauti ili nitambue maneno. Lakini hapo simlaumu Kelman hata kidogo. Alipopokea tuzo alisema utamaduni wake na lugha yake vina haki ya kuwepo, na mimi niliyelelewa na bibi aliyezungumza Kimakunduchi najua uchungu wa kuambiwa kwamba maneno ya kwenu ni makosa. Tena kuna mahali Mswahili anaelewa upesi: Sammy huwaita polisi kwa neno la wanajeshi. Kwetu wote ni askari tangu zamani.

Kilichonivunja moyo ni katikati. Sammy anazungushwa na maofisa na fomu zao, kisha anakutana na daktari asiyetaka kukubali waziwazi kwamba mtu aliye mbele yake ni kipofu. Maswali ni yale yale, majibu ni yale yale, ukurasa baada ya ukurasa. Naelewa kwamba msomaji anatakiwa achoshwe kama Sammy anavyochoshwa. Ila nilichoka hadi huruma ikaniisha, na riwaya ya mtu aliyeonewa ikishapoteza huruma yangu, inabaki na nini? Halafu kuna Helen, mwanamke anayeishi naye. Ametoweka tangu mwanzo. Nilimngoja Helen wiki tatu nzima, nikafika mwisho bila kuambiwa alikokwenda.

Peponi nayo haifungi kila mlango. Yusuf anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani na hadithi inakatika hapo hapo. Lakini nilikuwa nimekwenda naye bara na msafara wa Ami Aziz, yule mfanyabiashara aliyemchukua kwa deni la baba yake, nimeona mtawala wa huko, Chatu, alivyowanyang'anya mali, nimekaa naye katika ile bustani ya Aziz yenye kuta. Alipokimbia, nilijua anakimbia nini, na nililia.

Kwa hiyo kwangu mimi majaji wa 1994 walikosea. Kitabu cha Kelman nakipa nyota mbili na nusu, zote kwa theluthi ya kwanza na kwa ujasiri wa lugha. Ukiweza kukiazima, soma kurasa 50 za mwanzo kwa sauti kabla hujatoa pesa yako. Sauti ya Sammy ikikukaa sikioni, endelea. Nakala yangu ipo, nitamwazima yeyote wa karibu. Peponi siiazimishi.