Kutoka EOS 1200D hadi EOS RP: miezi minane nikiwa nayo mkononi

Canon EOS 1200D niliinunua ikiwa mtumba, na kwa miaka mitano sikuwa na kamera nyingine. Mimi si mpiga picha wa kulipwa. Nashika hesabu za kampuni moja Industrial Area, na kamera ni mapenzi yangu tu. Natoka kazini saa kumi na moja, nafika Tom Mboya au Muthurwa inakaribia saa kumi na mbili. Nairobi iko jirani na ikweta, kwa hiyo jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Muda wangu wote wa kupiga picha ni ule wa machweo na taa za barabarani. Mwenye kupiga picha mchana huenda asihitaji hata kimoja kati ya vitu nilivyonunua.

Kabla sijatoa pesa, Jumapili moja nilikaa na picha zote nilizokuwa nimezitenga nizifute, nikaziangalia moja moja nijue zimeharibikia wapi. Karibu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja kati ya miwili: ama fokasi imeuacha uso ikashika ukuta wa nyuma, ama picha imejaa chenga, zile punje punje zinazotokea mwanga ukiwa haba. Hakuna hata moja iliyoharibiwa na uchache wa megapikseli. Zile 18 za 1200D zinatosha kabisa. Nilichapisha picha moja kwa ukubwa wa A3 na bado inapendeza ukutani kwa dada yangu.

Nilianza na lenzi, na ningeanza nayo tena. Ile 18-55 iliyokuja na kamera, ukiivuta hadi milimita 50, inafunguka hadi f/5.6 tu (namba hiyo ikiwa ndogo, lenzi inafunguka zaidi). Canon 50mm f/1.8 STM inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, na ina uzito wa gramu 160 tu. Ya kwanza niliyoonyeshwa dukani ilimetameta kwa nje. Nikawasha tochi ya simu, nikamulika ndani kutokea nyuma, nikaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui pembeni mwa kioo. Kuvu. Muuzaji akasema ni vumbi la kawaida. Nikairudisha kaunta nikaenda zangu. Ya pili, duka lingine, ilikuwa safi.

Chenga zikapungua sana, fokasi ikabaki tatizo. 1200D ina vituo tisa vya fokasi, na ni cha katikati pekee kinachosoma mistari ya wima na ya mlalo, kwa hiyo gizani nilikitegemea hicho kimoja. Unalenga jicho, unasogeza kamera kupanga picha, na mtu naye ameshasogea.

Ndipo nikaifikiria kamera nyingine ya Canon, EOS RP, ambayo inatafuta jicho yenyewe. Niliikodi wikendi moja kabla ya kuinunua. Jumamosi jioni nilimkuta mama anayechoma mahindi Muthurwa, mwanga wake ni makaa na taa ya duka lililo nyuma yake.

"Mama, shikamoo. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Piga, kijana wangu, lakini usinitoe macho yamefumba."

Akaendelea kupepea makaa. Kichwa kinainuka, kinashuka, moshi unapita, na kale kamraba kadogo kwenye skrini kanakoonyesha fokasi ilipo kakaganda jichoni mwake. Nilipiga picha 12, macho yakatoka makali katika 10. Nilimwonyesha palepale.

Ya kwangu niliipata mtumba, nikaongeza adapta ili ile 50 ifanye kazi. Hapa kuna jambo ambalo sikulitarajia: kwenye 1200D lenzi hiyo ilikuwa ikiona kama ya milimita 80. Kwenye RP, ambayo sensa yake (sehemu inayopokea mwanga) ni kubwa, inaona kwa upana wake halisi, kwa hiyo ikanibidi nimsogelee mtu zaidi. Siwezi tena kuiba picha nikiwa ng'ambo ya barabara. Lazima nisalimie kwanza. Nimeipenda hali hiyo kuliko nilivyodhani. Ile 18-55 niliiuza pamoja na kamera ya zamani, maana imeundwa kwa sensa ndogo, na ukiifunga kwenye RP unabaki na megapikseli 10 hivi kati ya 26.

Betri ndiyo inayoniudhi. Canon yenyewe inakadiria picha 250 kwa chaji moja, wakati 1200D ilikuwa 500, na betri za zamani haziingii. Nunua ya pili siku hiyohiyo. Tena RP haina kitulizaji cha kupunguza mtikisiko wa mkono ndani ya kamera, na 50 yangu nayo haina, kwa hiyo kasi ya kupiga ikishuka chini ya 1/60 ya sekunde mtikisiko wa mkono unaonekana kwenye picha. Video ya 4K sijaigusa, sina la kusema.

Sasa ninaweka akiba ya lenzi ya RF 35mm f/1.8, kwa sababu ina kitulizaji ndani yake. Hiyo pia nitaikodi kwanza, niende nayo Tom Mboya baada ya saa moja usiku.