Dog Day Afternoon (1975): wezi waliokuta hela zimeshaondoka

Kama umezoea muvi za wizi wa benki zenye ramani ukutani, fundi wa kompyuta na gari la kukimbilia, hii itakuvuruga mapema. Sonny (Al Pacino) anaingia na wenzake wawili kwenye tawi dogo la benki Brooklyn, New York, bunduki kaificha ndani ya boksi la maua. Akitaka kuichomoa, boksi linamgomea na utepe unamng'ang'ania. Punde mwenzao wa tatu anasema moyo umemshinda, anaomba aende nyumbani. Sonny anamwachia, ila anamsisitiza asiondoke na gari. Kufungua hazina, hela zilishachukuliwa, zimebaki dola 1,100 hivi. Anachoma daftari la hundi za wasafiri kwenye ndoo ya takataka, moshi unatoka nje, jirani wa ng'ambo anakuja kuuliza kulikoni. Kidogo simu ya benki inalia. Ni polisi, na wanamtaka yeye.

Hapo ndipo muvi yenyewe inapoanza. Kilichobaki ni maongezi, jasho na kusubiri, na sikuchoka. Mwongozaji Sidney Lumet aliitengeneza kutokana na tukio la kweli la tarehe 22 Agosti 1972, na hakuweka muziki wa kusindikiza. Ukishapita wimbo wa Elton John wa mwanzoni, unasikia feni, simu, helikopta na watu wanaokatizana kauli. Ndiyo maana sidhani kama DJ wetu yeyote wa kutafsiri angeiweza. Wanaongea wanne kwa mpigo, utamfuata nani?

Sonny si steringi wa kibanda umiza. Ni mtu mwenye adabu aliyejitia kwenye balaa, anahangaikia mateka waende chooni, anawaagizia pizza. Akitoka nje kuongea na polisi, anaanza kupiga kelele, “Attica! Attica!”, jina la gereza ambako uasi wa wafungwa wa Septemba 1971 uliishia na vifo vya watu 43. Umati unalipuka kwa shangwe. Kwetu mwizi akizingirwa na umati, polisi ndio wanaomwokoa. Huyu anashangiliwa na polisi wanazomewa. Mkuu wa makeshia, Sylvia, anapata nafasi ya kubaki nje na anakataa, anarudi ndani kwa wasichana wake. Huyo mama nilimpenda sana.

Lakini aliyenikaa kichwani ni Sal, mwenzake Sonny, aliyeigizwa na John Cazale. Haongei sana. Anakaa na suti yake na silaha, macho ya mtu aliyekwisha kubali kufa, halafu anamkanya keshia kwa kuvuta sigara. Sonny anamuuliza kuna nchi gani angependa ndege ya kutorokea iwapeleke. Anawaza, anajibu: Wyoming. Sonny, taratibu kabisa, anamwambia hiyo si nchi (ni jimbo la humo humo Marekani). Jibu hilo halikuwepo kwenye skripti, Cazale alilitoa mwenyewe. Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka. Cazale alifariki mwaka 1978 akiwa amecheza filamu ndefu tano tu, na zote tano ziliteuliwa kugombea Oscar ya filamu bora.

Sababu ya wizi inajulikana katikati: Sonny ana mke na watoto, na pia amefunga ndoa na Leon (Chris Sarandon), anayehitaji pesa za upasuaji wa kubadili jinsia. Ukisikia hivyo unategemea mzaha. Hakuna. Simu yao wawili, huku polisi wakisikiliza, ni watu waliochoshana na bado wanapendana, na Pacino anaonekana kama hajalala wiki nzima.

Kasoro ipo. Yule mke mwingine, Angie, amefanywa kichekesho cha mwanamke mlalamishi asiyenyamaza, na simu yake inavutwa mno. Na kuanzia pale mtu wa FBI anaposhika usukani, mwendo unapungua kidogo. Ila skripti ya Frank Pierson ilistahili ile Oscar yake.

Ni dakika 125. Washa maandishi chini hata kama Kiingereza chako kiko vizuri, maana lafudhi ya Brooklyn haina huruma. Mwisho sikwambii. Nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya Angie.