Pango la Nerja, Hispania: nendeni, ila someni kwanza habari za masizi

Kama uko Malaga au unapita kusini mwa Hispania, tenga siku moja uende Pango la Nerja, hutajuta. Mawe yake ni mazuri kupita kiasi, kwenye ukumbi wa Cataclismo kuna nguzo ya mita 32 unainua shingo mpaka inauma. Lakini kwangu mimi utamu wa lile pango uko kwenye masizi.

Si mnajua dari la jiko la kuni linavyokuwa? Sasa watu wa kale waliingia mle na mienge na taa za mafuta ya wanyama, moshi ukapanda, masizi yakanasa ukutani na kwenye yale mawe yanayoota kwenda juu. Maji ya chokaa yakaendelea kudondoka yakayafunika, akaja mwingine na moto wake, masizi tena, chokaa tena, hivyo hivyo miaka na miaka. Ukikata kipande ukakiweka kwenye maikroskopu unaona vistari vyeusi vyembamba vimebanwa katikati ya chokaa, na kwa kuwa masizi ni kaboni basi hata umri wake unapimika. Timu ya Marian Medina-Alcaide wa Chuo Kikuu cha Córdoba ilitoa majibu 2023: vipindi 73 vya watu kuingia mle, katika muda wa miaka kama 35,000, na wa kwanza kabisa ni karibu miaka 41,000 iliyopita. Aisee!

Maana yake kuna walioingia maelfu ya miaka baada ya kufa wale wachoraji wa kale waliochora kuta za pango, wakasimama gizani na moto mkononi. Walifuata nini? Hilo swali nilitembea nalo mwanzo mpaka mwisho.

Huyo huyo Medina-Alcaide na wenzake walishajaribu kuwasha mienge ya kale kwenye pango lingine huko Basque, kaskazini mwa Hispania, matokeo yakatoka 2021, na mwenge mmoja ulidumu wastani wa dakika 41 tu, mwanga wake karibu mita 6. Taa ya mafuta ya uboho inamulika kama mita 3 ila haina moshi mwingi. Kwa hiyo ukiwa kwenye zile kumbi kubwa piga picha kichwani taa za umeme hazipo, una mita 6 za kuona na dakika zako zinahesabika, na ngazi za zege hakuna.

Michoro yenyewe hutaiona, iko sehemu zilizofungwa kwa wageni ili isiharibike, na mimi naunga mkono kabisa maana hata pumzi zetu zinaharibu.

Ngazi ni nyingi sana, mwenye magoti mabovu ajipange. Vaeni raba, chini kuna unyevu, na msiguse kuta hata kidogo.