Kidhibiti kipi ununue kwa studio ya nyumbani inayotumia programu huria

Anayerekodi nyumbani Kampala, Mbale au Gulu kwa kutumia Ardour, programu huria ya kurekodi na kuchanganya muziki, kwenye Linux hufika mahali ambapo kipanya hakimtoshi tena: sauti ya mwimbaji inapanda kwenye kiitikio, nyuzi za adungu zinafifia, na kipanya huvuta kitelezi kimoja tu kwa wakati mmoja. Hapo huhitaji kidhibiti, yaani kifaa chenye vitelezi na vifundo vya kushika kwa mkono. Cha kuangalia kwanza si wingi wa vitufe, bali kama kifaa kinatumia MIDI ya kawaida (lugha ambayo ala na kompyuta huwasiliana) kupitia USB au itifaki ya Mackie Control (lugha ya vidhibiti vya studio), ambazo Ardour inazielewa bila programu ya ziada ya mtengenezaji. Cha pili ni mahali kinapopata umeme.

Kwa watu wengi, naweka mbele Korg nanoKONTROL2. Kina vitelezi 8, vifundo 8 na vitufe vya kucheza, kusimamisha na kurekodi, na umeme wake wote hutoka USB, kwa hiyo umeme wa UEDCL ukikatika, kompyuta mpakato yenye chaji inaendelea kukiendesha. Programu ya Korg ya kubadili mipangilio ni ya Windows na Mac pekee, lakini hilo lisikukatishe tamaa, kwani hali ya Mackie huwekwa kwa kubana vitufe maalumu wakati wa kuchomeka waya. Udhaifu wake wa kweli ni vitelezi visivyo na mota: ukifungua wimbo mwingine, havisogei vyenyewe kufuata viwango vilivyohifadhiwa. Ukikitumia kama MIDI ya kawaida, Ardour husubiri kitelezi kifikie kiwango kilichopo ndipo ianze kukitii, na hivyo sauti hairuki ghafla.

Nafasi ya pili ni ya Behringer X-Touch One, chenye kitelezi kimoja cha milimita 100 kinachoendeshwa na mota na kutambua mguso wa kidole. Anayerekodi peke yake, akirekebisha sauti moja baada ya nyingine, atakifurahia kuliko hicho cha kwanza. Lakini kinahitaji adapta yake, na kwa hiyo betri ya akiba au inveta.

X-Touch Mini ni ya tatu, na inawafaa zaidi wanaotunga kwa LMMS, programu huria ya kutunga muziki, ambao vifundo vyake 8 watavitumia kwa sinthesaiza. X-Touch kubwa yenye vitelezi 9 naiacha kwa studio yenye wateja wanaolipa na meza pana.

Ukiagiza kutoka nje, weka kwenye hesabu VAT ya asilimia 18 pamoja na usafirishaji. Ukinunua kilichotumika, nenda na kompyuta yako, andika amri amidi -l uone kama kifaa kimeorodheshwa, kisha sogeza kila kitelezi polepole toka chini hadi juu huku ukitazama kwenye skrini namba za MIDI kinazotuma. Namba zikirukaruka, kiache.