TAHADHARI: Fundi wa "kuongeza nguvu" chenso (misumeno ya injini) anayezunguka Mafinga, Makambako na Njombe, soma kabla hujamwachia mashine yako

Kamwene wadau wa mbao na nguzo. Jina lake silitaji hapa maana suala liko polisi na sitaki kesi juu ya kesi, lakini nitaeleza anavyofanya kazi mpaka ukikutana naye utamjua mwenyewe hata kabla hajazima pikipiki.

Mi nina chenso moja tu, Stihl MS 381, ile ya cc 72.2, sio mpya ila injini ilikuwa haijawahi kufunguliwa tangu nainunua. Kazi yangu nanunua vitalu vidogo vya miti kwa wananchi huku Mufindi, tunaangusha, tunakata magogo, yanaenda kwenye dingdong, zile mashine za kupasulia mbao. Kwa mipaini mashine ilikuwa haina shida kabisa. Shida ilianza tulipopata shamba la milingoti (mikaratusi), miti imekaa miaka mingi, minene na migumu, ukiibana kidogo tu mashine inazidiwa inashusha resi, dogo wangu anayeiendesha akawa analalamika kila siku bosi hapa tungekuwa na 070, ile Stihl kubwa, tungeshamaliza. Sasa 070 ya kweli hela sina. Ndo nikaanza kuangalia angalia mtandaoni, nikakutana na video ya huyu jamaa.

Video ni kabla na baada. Kabla, chenso inahangaika kwenye gogo, moshi mwingi, unga unatoka kama wa ngano. Baada, gogo lile lile inapita kama kisu kwenye ndizi, vipande vinaruka vikubwa. Chini kaandika nguvu mara mbili, ekzosi ya mashindano, Wazungu wanafanya hivi. Na kweli Wazungu wanafanya, hapo hajadanganya, nitaelezea. Ila rudi uangalie video vizuri kama nilivyorudi mimi baada ya kuliwa. Unga wa ngano maana yake mnyororo ni butu! Mnyororo uliopigwa tupa vizuri unatoa vipande, sio vumbi. Jamaa alichobadilisha kwenye video ni mnyororo, na nina wasiwasi alipunguza na vile vinundu vya mbele ya jino ili jino lizame zaidi. Hata chenso ya kuazima ungeifanyia hivyo ingekata kama hiyo. Na dogo alinionyesha hilo tangu mwanzo, maskini, nikamwona mshamba.

Bei tulikubaliana 180,000, mashine anakaa nayo siku mbili. Akaniorodheshea: anachonga ekzosi, anachonga silinda kwa ndani, anatoa gasketi ya chini ya silinda kompresheni ipande, anaseti kabureta. Maneno yote sahihi. Mtu akiongea lugha ya injini namna hiyo unaona huyu amesomea.

Siku ya kuichukua akaiwasha mbele yangu, hakuna gogo wala nini, kaishika hewani kapiga resi mpaka mwisho. Asee ililia! Mlio mwembamba mkali kama nyigu kwenye debe. Watu wakageuka barabarani. "Umesikia mkubwa? Hiyo sasa ni mashine." Nikatoa hela nikiwa nacheka.

Sasa hapa ndo naomba watu waelewe, maana hapa ndo wengi tunaliwa. Kuchonga ekzosi ni kitu cha kweli. Ekzosi ya kiwandani imebanwa makusudi kwa ajili ya kelele na sheria za moshi za huko kwao, ukiifungua kwa akili injini inapumua vizuri na inakata vizuri zaidi. Lakini injini ikivuta hewa nyingi lazima na petroli iongezwe, na petroli unaiongeza kwa kufungua ile skrubu ya H kwenye kabureta, unaizungusha kinyume na saa. Ukichonga ekzosi ukaacha H ilivyokuwa, tayari injini inakula hewa nyingi petroli kidogo. Na petroli ndiyo iliyobeba oili, petroli ndiyo inayopoza. Huyu bwana hakuiacha ilivyokuwa, aliifunga zaidi! Kwa nini? Kwa sababu ukifunga H mashine inalia juu sana ikiwa hewani, mwenye mashine anafurahi. Chenso iliyosetiwa vizuri ukiipiga resi yote bila kukata inatakiwa iwe na kamgugumo fulani, kama inakohoa kohoa, afu ukiizamisha kwenye mti mlio unasafika. Ikilia safi na juu hewani, hiyo inakufa. Kwa hiyo ule mlio nilioulipia laki na themanini ulikuwa ni mlio wa pistoni yangu kuungua.

Ilidumu siku tatu.

Siku ya tatu saa tano asubuhi dogo yuko katikati ya gogo, anasema ilipandisha resi yenyewe kidogo, akadhani ndo nguvu zenyewe zimekuja, afu kap. Kamba ya kuvutia haitoki. Tukaiacha ipoe kama nusu saa, kamba ikavutika lakini nyepesi, kama unavuta uzi wa cherehani. Tukatoa ekzosi tukachungulia kwenye lile tundu la moshi, pistoni ina mikwaruzo ya wima upande wote ule, alumini imejipaka kwenye silinda. Na plagi ilikuwa nyeupe kama chaki, wakati inatakiwa iwe na rangi ya kahawa.

Nikampigia. Sikiliza majibu, maana ndo atakayokupa na wewe. "Mkubwa hiyo ni oili. Mlichanganyaje?" Nikamwambia kama miaka yote, moja kwa hamsini, mililita 100 kwenye lita tano. Akasema aaa, mashine ikishachongwa inataka oili mara mbili, hukuniuliza. Nimekuja kuuliza fundi mwingine mzee wa hapa Mafinga ambaye amefungua chenso tangu sijaoa, akacheka. Kwanza ukiongeza oili kwenye kipimo kile kile maana yake umepunguza petroli, injini inakauka zaidi. Pili akaichukua pistoni akaigeuza mbele yangu: mikwaruzo iko upande wa ekzosi peke yake, upande wa kuingilia ni msafi. Ingekuwa haina oili, anasema, ingekwaruzika pande zote. Ingekuwa ni mchanga umepita kwenye chujio la hewa, ungeona upande wa kuingilia. Ya upande wa ekzosi ni joto, mchanganyiko mkavu. Dakika mbili tu kasoma pistoni kama mtu anasoma gazeti.

Hapo nikadhani hasara yangu ni ya fundi mbovu. Mafundi wabovu wapo, unanung'unika unaendelea na maisha. Kumbe bado.

Mzee akaendelea kufungua, akaiweka silinda mezani, akaniuliza hii umenunua lini. Nikamwambia sijanunua, ilikuja na mashine. Akaniangalia. Wakuu, chenso yangu mwaka juzi ilidondoka kutoka juu ya fuso ikagonga jiwe, yale mapezi ya kupozea yakavunjika mawili upande wa plagi, mi mwenyewe nilipiga tupa ncha zake zisikate mtu. Ile silinda pale mezani mapezi yote mazima. Mazima kabisa, yanang'aa! Silinda sio mkia wa mjusi kwamba ukikatika unaota. Tukaangalia kwa ndani, haina chapa wala namba yoyote. Kabureta nayo haina jina. Jamaa alitoa silinda yangu, pistoni na kabureta vya kiwandani, akafunga vya kuiga vya bei rahisi, akatoboa ekzosi tundu mbili kwa drili, akafunga H, akanipa na mimi nikamlipa. Ukipiga hesabu, mi ndo nimemlipa laki na themanini aniibie injini.

Ndo maana anataka siku mbili. Ndo maana kazi ikiharibika haraka kwake ni faida, ushahidi unaungua, wewe unatupa silinda iliyokwaruzika unanunua nyingine na hujui kwamba uliyotupa haikuwa yako.

Na hata ile kazi aliyoifanya ni hatari. Tundu la pili la ekzosi alilitobolea upande wa mpini wa mbele, kava la plastiki limeanza kuyeyuka, dogo alikuwa analalamika glovu inanuka tukadhani ni clachi. Kale kawavu ka kuzuia cheche kwenye ekzosi amekatoa kabisa. Huku kwetu kuanzia Julai mpaka mvua zirudi Novemba chini ya mipaini ni zulia la majani makavu, wewe unatembea na mashine inatema cheche wazi jirani na msitu wa serikali wa Sao Hill, moto ukitoka hapo hakuna cha fundi wala nini, wa kwanza kukamatwa ni wewe mwenye kitalu. Hili ndo linaniuma kuliko hata hela.

Nimeuliza uliza, nimepata wengine wawili. Mmoja ni wa Makambako, ana Husqvarna 372 XP, yeye silinda hakubadilishiwa ila ilichongwa kweli, kwa grainda, lile tundu la ekzosi likapanuliwa hovyo na kingo zikaachwa kali, ringi ikanasa ikakatika vipande. Halafu hizi silinda kwa ndani zina ngozi ngumu nyembamba ya kiwandani, ukiikwangua hovyo inabanduka, hapo hakuna kurudi. Wa pili gasketi ya chini ilitolewa bila kupimwa, pistoni ikawa inagonga juu. Anayejua kazi anaingiza kawaya ka lehemu kupitia tundu la plagi, anazungusha injini taratibu, kanabanwa, anakatoa anakapima, na pakibaki chini ya nusu milimita anaacha gasketi yake hapo hapo. Ukimuuliza huyu jamaa umepima na nini anakwambia uzoefu.

Kwa hiyo ukiamua kuchongesha, na sikukatazi, mi mwenyewe labda bado nitachongesha kwa yule mzee, usiiache mashine ukaondoka. Kuchonga ekzosi na kuseti kabureta ni kazi ya asubuhi moja, kaa hapo kunywa chai. Ukilazimika kuiacha, toa kava kwanza, piga picha silinda, kabureta na namba zake zote, na uweke alama yako ya msumari sehemu ambayo hawezi kuiona haraka. Pima kompresheni kabla na baada, geji sio ghali na mafundi wengi wanayo, mashine nzima ya saizi hii inasoma psi 150 kwenda juu. Mwambie aijaribu kwenye gogo, tena kwa mnyororo wako ule ule uliokuja nao. Akiipiga resi hewani na kukwambia umesikia, chukua mashine yako nenda. Na kabla ya hayo yote nunua tupa mpya. Mzee baada ya kunifungia silinda na pistoni upya alinoa na mnyororo, dogo karudi shambani na mashine yenye ekzosi ya kawaida kabisa, ile milingoti iliyotushinda inakatika. Yaani tulikuwa hatuna shida ya nguvu, tulikuwa na uvivu wa kunoa, nimeshindwa hata kumwangalia dogo usoni.

Silinda na pistoni orijino zimenigharimu laki nne na nusu Iringa mjini, kabureta bado natumia ile isiyo na jina mpaka nipate hela.

Jamaa anatumia pikipiki nyekundu yenye boksi la mbao nyuma, laini anabadilisha mara kwa mara, video ni zile zile. Anauza pia "spea orijino za mtumba", na sasa mnajua anazitoa wapi. Mtu yeyote akiletewa silinda ya MS 381, milimita 52, mapezi mawili yamevunjika upande wa plagi na ncha zimepigwa tupa, asinunue, anishtue hata usiku. Risiti ninayo, picha ya siku ilipodondoka kwenye fuso ninayo, na RB ya polisi ninayo.